Mgeni wa Tako la Kulia

Wewe umewahi kuumwa tako? Usicheke. Sikuulizi mgongo, ule ugonjwa wa heshima ambao watu hukuletea matunda. Nauliza tako, tena la kulia peke yake, miezi saba baada ya daktari kukufunga skrubu kwenye uti wa mgongo, kisha akakubadilishia nyonga, kisha akakuonyesha picha na kusema kila kitu kiko mahali pake.

Dereva wa lori aliyeyajua maumivu hayo aliitwa na wenzake Bibi Skrubu. Alifanya yote aliyoambiwa: mazoezi asubuhi, barafu ndani ya taulo, mto wenye tundu katikati. Chakula alikula amesimama, kama punda. Jumatatu alitakiwa akae kwenye usukani saa sita mfululizo mbele ya msimamizi. Akishindwa, lori lake anapewa mwingine.

Alhamisi mchana alijijaribu kwenye kiti cha sebuleni. Akasikia kitu kinatafuna.

"Mama, unakula nini?"

"Nile saa ngapi? Niko huku nakunja nguo," mama yake alijibu kutoka chumbani. Ndiye aliyehamia kumuuguza, ndiye aliyemwosha kidonda tangu siku aliyotoka hospitali.

Kutafuna kuliendelea, chini yake, polepole, kama kwa mtu mwenye meno machache na muda mwingi. Ikaja harufu ya nywele zilizoungua. Akataka kuinuka, na hapo vidole vya baridi kuliko barafu yake vikapenya nguo, vikapenya nyama, vikaushika ule mshipa unaoshuka mguuni na kuuvuta taratibu kama mtu anayevuta kamba ya ndoo kisimani, na kila alipojitutumua vikazidi kuvuta, mpaka jasho likamwingia machoni na sauti ikamwambia sikioni, kwa upole wa kuchukiza, "Tulia. Unakwenda wapi? Hujapangiwa safari."

Kesho yake akaletwa mganga, mwanamke mfupi asiye na mbwembwe. Alivua viatu, akaweka kiganja juu ya kovu, akakiondoa upesi kana kwamba amegusa pasi ya moto.

"Mnanipotezea muda," alisema. "Huyu hakutumwa, amealikwa. Simtoi mgeni ambaye mwenyeji wake yumo humu ndani na amenyamaza. Aliyemkaribisha aseme kwa mdomo wake, la sivyo leo hii anahamia mguu wa pili pia."

"Mimi sijamwita mtu!" dereva alifoka. Mguu wa kushoto ukaanza kumtetemeka. "Mama, niombee basi, mbona umekaa tu?"

Mama alikuwa anakunja taulo lile lile kwa mara ya nne.

"Mama?"

"Ulikuwa hukai nyumbani, mwanangu. Mwezi mzima barabarani, simu hupokei. Ulipougua ndipo nikakupata. Tukawa tunaongea. Tukawa tunacheka."

"Mama, umefanya nini?"

Kutafuna kukaanza tena, safari hii upande wa kushoto.

"Nilipokuwa nakuosha kidonda," mama alinong'ona, "niliomba usipone. Kila siku niliomba. Siku ya tisa kitu kikaniitikia humo humo kidondani. Kikaniuliza kikushike mpaka lini. Nikakiambia, mpaka nitakapokufa mimi."