Namba ya Upasuaji wa Baba

Likizo ya Agosti mwaka wa 1994, Linet hakukaa nyumbani kwao Ndhiwa. Alikaa mjini Homa Bay kwa shangazi yake Jedidah, kwa sababu baba yake, Javan, alikuwa amelazwa hospitalini, amepasuliwa tumbo kwa ajili ya uvimbe. Kila asubuhi alikoroga uji wa wimbi, akautia kwenye chupa ya chai na kuupeleka wodini.

Kitanda cha pili kilikuwa cha Gisiri, mfugaji wa Kikuria aliyevunjika mguu.

"Binti, uji wa leo una sukari ama una maombi tu?" alimtania.

"Una vyote, mzee."

Baba alicheka, kisha akashika tumbo. Mshono ulikuwa bado unamuuma.

Uji ukiisha, Linet alikwenda kukaa katika ofisi ya rekodi. Kazi ya Jedidah ilikuwa kusoma faili za wagonjwa wanaokaribia kwenda nyumbani, na kuandika namba ya kila tiba kubwa waliyofanyiwa. Namba hizo, kila moja ikiwa na maana ya tiba yake, alizitafuta katika kitabu kinene kilichochakaa pembeni.

"Waya," Linet alisema, maana Waluo humwita hivyo shangazi wa upande wa baba, "mbona sindano za Gisiri hazina namba?"

"Sindano na kupimwa joto ni kazi ya kila siku ya wodi. Mimi naanza na lile kubwa, lililofanywa kwa ajili ya ugonjwa uliomleta. Kwake ni mfupa ulionyooshwa."

"Na daktari akipanga jambo halafu asilimalize?"

"Naandika pale alipofika. Sio pale alipotaka kufika."

Siku moja Linet alimkuta shangazi yake ameinama juu ya faili, hafungui kitabu. Baba mdogo James, mdogo wake Javan, alikuwa amesimama dirishani. Faili ilikuwa ya Baba.

"Andika kwamba uvimbe umetolewa," James alisema kwa sauti ya chini. "Si ndivyo walivyopanga?"

"Walipanga, James. Lakini daktari alituambia sote wawili. Walifungua tumbo, wakakuta ugonjwa umeenea, wakafunga. Hawakutoa kitu."

"Namba yako itanakiliwa kwenye kadi yake, na maelezo. Atasoma. Unataka afe kwa hofu?"

"Ni ndugu yangu pia," Jedidah alisema. Akaandika namba ya tumbo lililofunguliwa na kukaguliwa tu.

James alimgeukia Linet. "Wewe ni mtoto mkubwa. Nimeshamwambia baba yako kwamba umetolewa. Akikuuliza, sema hivyohivyo. Umesikia?"

Linet alichukua chupa tupu, akatoka.

Alipofika wodini mchana, Baba alikuwa ameketi, akizungumza na Gisiri kuhusu boma. Kwa miaka mingi familia yao ilikuwa ikiishi katika boma la babu. Kwa desturi yao, mwanaume huanzisha boma lake mwenyewe: hutoka alfajiri na mkewe na mwanawe wa kwanza, yeye ameshika jogoo, mwana amebeba shoka, mama amebeba moto, na nyumba husimamishwa siku hiyohiyo. Akifa kabla ya hapo, atazikwa kwenye boma la babu, na mkewe na watoto watabaki bila boma lao.

"Chrispine akimaliza shule mwakani, ndipo tutatoka," Baba alisema, akimtaja mwanawe wa kwanza. "Haraka ya nini, na uvimbe umeshatolewa?" Akamtazama bintiye. "Mbona umenyamaza? Wewe hushinda na waya wako pale. Si waliutoa?"

Linet aliona ni rahisi sana kusema ndiyo. Neno moja tu, na Baba angelala kwa amani. Lakini mwakani angekuwapo? Machozi yalimtoka.

"La, Baba. Walifungua, wakaona, wakafunga."

Gisiri aligeukia ukutani. Baba aliukunja na kuukunjua ukingo wa blanketi.

"Kaniitie waya wako," alisema hatimaye. "Na daktari. Na huyo James."

Daktari alikuja, akaketi kitandani, akamweleza yote bila kuficha. Baba aliuliza swali moja tu: "Nitaweza kutembea?"

"Kwa sasa, ndiyo. Usingoje sana."

Wiki hiyo hiyo Baba alirudi Ndhiwa. Jumamosi, kabla ya jua kuchomoza, alitoka katika boma la babu akiwa na jogoo kwapani. Chrispine alibeba shoka. Mama alibeba moto. Baba alipumzika mara kwa mara njiani, na James akataka kumshika mkono. "Niache," alisema. "Hii safari haibebwi na mtu mwingine." Jioni nyumba ndogo ya udongo ilikuwa imesimama, na walilala humo.

Javan alikufa mwezi wa Novemba. Walimzika upande wa kulia wa nyumba yake, kama mwenye boma.

Watu walipotawanyika, Linet alibaki karibu na kaburi. Jedidah alikuja akasimama naye.

"Waya, mimi ndiye niliyemwambia."

"Najua, nawe bado unaumia. Lakini hukumkosea. Mgonjwa akijua ukweli, siku zilizobaki huwa ni zake, na hujua la kuzifanyia. Tukimdanganya, hata kwa kumpenda, tunamnyang'anya siku hizo. Kazi yoyote utakayofanya ukikua, sema kilichofanyika, hata kama ulitamani kingine."

James alikuwa nyuma yao, jembe mkononi, macho mekundu.

"Mimi ningemnyang'anya," alisema.

Mama aliwaita kutoka mlangoni waje kula. Linet alifuta machozi, akaingia nyumbani kwa baba yake.