Kata ya Mbege na Vidonge vya Mektrida

Mektrida alijua kupika mbege, kinywaji cha Wachagga. Hilo watu wote wa kitongoji walilikubali, hata wale wasiompenda. Alichagua ndizi zilizoiva sawasawa, akazichemsha, akaziacha zichachuke. Kisha alipika uji wa ulezi ulioota, akachanganya, akatia magome ya msesewe ili mbege iwe na ukali wake. Alichota kwa kata, kile kibuyu chenye mpini, akaonja.

"Bado," alisema.

Baadaye alionja tena, na tena.

"Sasa imeiva."

Wateja hawakuwahi kumbishia.

Nyumba yao iko Uru, juu ya mji wa Moshi, katikati ya migomba na kahawa. Mume wake, Primus, ni mkulima. Baba mkwe wake, Mzee Sirili, ana nyumba yake katika kihamba hichohicho, shamba la ukoo. Mtoto wao wa kwanza ni Anjelista.

Baada ya kumzaa Anjelista, Mektrida aliugua. Alisikia sauti za watu asiowaona. Sauti zilimtukana mchana na usiku. Hakulala, hakula, akawa anakimbilia kwenye migomba kujificha. Primus alimpeleka kliniki ya magonjwa ya akili mjini. Huko alipewa vidonge vya kutuliza ugonjwa. Alipewa na vingine vya kuzuia mwili usitetemeke wala kukakamaa kwa sababu ya vile vya kwanza. Sauti zikanyamaza. Mektrida akarudi jikoni kwake.

Ningependa hadithi iishie hapo. Haikuishia hapo.

Mektrida alianza kusahau. Alitia msesewe kwenye mbege, akasahau, akatia tena. Wateja wakatema chini. Katika jumuiya ya kanisa yeye ndiye aliyekuwa anaongoza rozari. Sasa alianza Salamu Maria, akafika katikati, akanyamaza. Wenzake wakammalizia. Mwishowe walimpa mtu mwingine kazi hiyo, kwa upole sana. Upole ule ulimuuma kuliko tusi.

"Primus, kichwa changu kina ukungu," alimwambia mumewe.

"Umechoka tu, mama Anjelista."

"Sijachoka. Mtu akiongea nasikia mwanzo. Mwisho unanipita."

"Kule kliniki umewaambia?"

"Niwaambie nini? Wataona wazimu umezidi."

Hakuwaambia. Watu wengi hufanya hivyo. Mtu anaona aibu, ananyamaza, na shida inakua.

Anjelista alipofika miaka mitatu, jambo baya likatokea. Mektrida aliteremsha sufuria ya uji wa ulezi, akaiweka sakafuni ipoe. Akageuka kumenya ndizi. Dakika chache tu zikapita, naye akawa amesahau kabisa kwamba ameiteremsha. Anjelista alikuwa anafukuza kuku. Akajikwaa. Mkono wake wa kulia ukazama kwenye uji hadi kiwiko.

"Nani ameweka hii hapa?" Mektrida alipiga kelele huku akimnyanyua mtoto. "Nani ameiweka?"

Jikoni hapakuwa na mtu mwingine.

Mtoto alitibiwa, akapona. Lakini ngozi ya mkono ilijikunja, na vidole viwili havikunyooka tena.

Ukoo ukakaa. Apolonia, dada yake Primus, alikuja kutoka Tarakea, mjini kule mpakani anakofanya biashara. Mektrida alikaa kwenye kigoda karibu na mlango.

"Hizi dawa ndizo zimemmaliza," alisema Mzee Sirili. "Kabla ya dawa alikuwa anasahau? Hakuwa anasahau."

"Baba, kabla ya dawa alikuwa anakimbizwa na sauti," alisema Primus.

"Sauti si zimekwisha? Aliyepona anakunywa dawa za nini?"

Apolonia alimpakata Anjelista.

"Mimi nakwenda na mtoto Tarakea," alisema. "Nitamrudisha siku mama yake atakapopata akili ya kulea."

Mektrida alifungua mdomo. Alikuwa na neno la kusema, neno zuri, la kujitetea. Lilimpotea kabla halijafika kwenye ulimi. Siku ileile mtoto akaondoka, akilia na kunyoosha ule mkono wenye kovu. Jioni Primus alivimwaga vidonge vyote chooni.

Wiki za kwanza Mektrida alionekana mwepesi. Aliamka mapema. Alisali rozari nzima bila kukwama.

"Mnaona?" Mzee Sirili alijisifu kwa majirani.

Mzee wa watu hakujua. Ugonjwa huu mara nyingi haurudi siku ileile mtu anapoacha dawa. Unaweza kusubiri wiki, hata miezi. Ndiyo maana unawadanganya wengi.

Usingizi ulikuwa wa kwanza kuondoka. Kisha sauti zikarudi, na safari hii zilikuwa na jambo jipya la kusema. Zilimwambia kwamba Anjelista amezama.

Asubuhi moja Primus alimkuta kwenye mfongo, mfereji wa zamani unaoshusha maji kutoka mlimani. Alikuwa amepiga magoti ndani ya maji baridi, nguo zimelowa, anapapasa matope kwa mikono yote miwili.

"Yuko hapa," alisema. Meno yalikuwa yanagongana. "Wanasema yuko hapa. Nisaidie kumtafuta."

"Anjelista yuko Tarakea, kwa shangazi yake. Toka majini."

"Na wewe umo! Wewe ndiye umemtupa!"

Alimpiga Primus mdomoni hadi damu ikatoka. Majirani walikuja. Walimbeba, wakamfunga kwa kamba ndani ya stoo ya kahawa. Mzee Sirili alimnywesha mbege ili alale. Alilala kidogo, akaamka akiwa vibaya zaidi. Kamba zilimchubua. Primus alikaa nje ya mlango akimsikia akiita jina la mtoto, akalia kama hajawahi kulia tangu awe mtu mzima. Kisha akainuka, akashuka mpaka zahanati, hata ruhusa kwa baba yake hakuomba.

Akapanda na muuguzi anayeitwa Rahma, mwenyeji wa Moshi mjini. Rahma alifika, akachungulia stoo.

"Fungueni kamba," alisema.

"Atakimbia, nesi," alisema jirani mmoja.

"Basi mshikeni mikono. Huyu ni mgonjwa, si mbuzi."

Walimfungua, wakampeleka hospitali. Alilazwa kwa wiki kadhaa. Alianzishiwa dawa tena, na sauti zikanyamaza tena. Aliporudi nyumbani alikuwa amekonda, na alama za kamba bado zilionekana mikononi.

Baiskeli ya mbao aliyoichezea Anjelista ilikuwa bado imeegemezwa ukutani. Mektrida aliifuta vumbi kila siku. Alikuwa na swali moja tu, na alimwuliza kila mtu: "Atarudi lini?"

"Ukiwa sawa," walimjibu.

Akarudi kwenye mbege yake. Na ukungu nao ukarudi. Alisahau kama amekula, akasahau kama amemeza dawa. Siku moja alimeza mara mbili, akalala mpaka kesho yake. Moyo wake ulivunjika. Akitumia dawa, anasahau, na mtoto harudi. Akiacha dawa, anaugua, na mtoto harudi. Akaanza kufikiri kwamba labda mtoto yule si wake tena.

Siku Rahma alipokuja kumtazama, familia ilikuwa uani. Mbege ilikuwa tayari.

"Shikamoo, mzee," alisema Rahma.

"Marahaba, binti yangu. Karibu, kaa." Mzee Sirili alimpa kata iliyojaa. "Kunywa kwanza. Umepanda mlima."

"Ahsante, mzee. Mimi Mwislamu, sinywi pombe."

Mzee alicheka. "Pombe? Hii mbege, binti! Hiki ni chakula. Sisi tumekulia hii."

Rahma hakucheka. Aligeuka taratibu akamtazama Mektrida.

"Mama Anjelista, na wewe unakunywa?"

"Mimi ndiye mpishi, nesi. Nisipoonja nitajuaje kama imeiva?"

"Unaonja kiasi gani?"

"Kata moja asubuhi. Mchana nyingine. Jioni nikiwapimia wateja, kidogokidogo."

"Na kliniki wakikuuliza kama unakunywa pombe, unajibuje?"

"Nasema sinywi." Mektrida alishangaa. "Nesi, haki ya Mungu sinywi pombe. Bia sijaionja tangu nizaliwe."

Rahma aliiweka kata chini.

"Mzee, sidharau mila," alisema. "Mbege ina ulezi na ndizi, kweli inashibisha. Lakini imechachuka. Inalewesha, kwa hiyo ni pombe. Pombe na hizi dawa, zote mbili zinalaza ubongo. Zikikutana, mtu anasinzia, anasahau, mawazo hayatulii."

"Kwa hiyo dawa si mbaya?" aliuliza Primus. "Ni mbege tu?"

"Si mbege peke yake. Nisiwadanganye. Ugonjwa wenyewe unapunguza kumbukumbu, hata kabla ya dawa. Na baadhi ya dawa nazo zinachangia. Vile vidonge vya kuzuia kutetemeka, kwa watu wengine vinaleta usahaulifu. Daktari anaweza kupunguza, au kubadilisha, au kupanga saa nyingine ya kumeza. Lakini ni daktari, si mimi, si wewe, na si kikao cha ukoo."

Mzee Sirili aliangalia ardhi.

"Sasa niache mbege leo hii?" aliuliza Mektrida.

"Kwanza tumwambie daktari ukweli, kiasi chote unachokunywa. Atakuelekeza namna ya kuacha salama. Mwambie na huu ukungu. Usione aibu. Asipojua, atakusaidiaje?"

"Nesi," alisema Mektrida, "mimi nilidhani akili yangu imekufa."

"Haijakufa. Imelemewa."

Walikwenda kliniki, Primus na Mektrida pamoja. Safari hii alisema yote. Daktari alimwelekeza kuacha mbege. Alipunguza taratibu vidonge vya kuzuia kutetemeka, na vingine akavihamishia jioni. Primus akawa ndiye anayetunza dawa na kumpa kila saa ya kumeza ikifika, ili asimeze mara mbili. Akajenga uzio wa mianzi pembeni ya mafiga. Kila chombo cha moto kinawekwa humo.

Rahma alimfundisha jambo jingine.

"Fanya kazi moja kwa wakati mmoja," alisema. "Na unachofanya, kiseme kwa sauti. Sikio litausaidia ubongo."

Basi Mektrida akawa anasema peke yake jikoni. "Natia msesewe. Nimeshatia." "Nateremsha sufuria. Naiweka kwenye uzio." Majirani walipomsikia wakanong'ona kwamba wazimu umerudi. Yeye aliwasikia, akaendelea kusema. Na kazi ya kuonja mbege? Hiyo aliipokea Mzee Sirili, na hakuwahi kulalamika kwamba ni nzito.

Ukungu haukuondoka wote. Nisiseme uongo. Mpaka leo zipo siku jina la mtu linamtoroka. Lakini ulipungua, mwezi baada ya mwezi, mpaka akaweza kusikia maneno ya mtu kutoka mwanzo hadi mwisho.

Ikafika Krismasi. Wachagga walirudi nyumbani kutoka kila pembe, na Apolonia akaja na Anjelista. Mtoto alikuwa amerefuka. Alimwamkia Mektrida "shikamoo" kwa adabu, kama anavyoamkiwa mgeni, akarudi kushika gauni la shangazi yake. Mektrida aliitikia marahaba. Kisha akaenda nyuma ya nyumba akalia.

Mchana watu walikaa, kata ikazunguka. Ilipofika kwa Mektrida, Apolonia alimtazama. Kukataa kata mbele ya ukoo si jambo dogo. Mzee Sirili alinyoosha mkono akaipokea yeye.

"Mkwe wangu hanywi," alisema. "Ana dawa. Nilizitupisha mara moja, tukakaribia kumzika. Mtu asimpe mbege."

Kata ikaendelea.

Mektrida alirudi jikoni kuangalia nyama. Aligeuka akamwona Anjelista amesimama nje ya mlango. Mtoto hakuingia. Alikuwa anaangalia moto, na mkono wake wenye kovu ameuficha mgongoni.

Mektrida alitamani kumkimbilia. Hakumkimbilia. Alikuwa na sufuria mikononi.

"Nateremsha sufuria," alisema kwa sauti, kama alivyozoea. "Ni ya moto. Naiweka kwenye uzio."

Akaiweka. Akafunga kilango cha mianzi.

"Iko wapi?" Anjelista aliuliza kutoka mlangoni.

"Iko kwenye uzio."

"Umefunga?"

"Nimefunga."

Mtoto alifikiri. Akachungulia uzio, akamtazama mama yake usoni.

"Hutasahau, mama?"

Mektrida alitaka kusema hapana, sitasahau kamwe. Lakini alikuwa amejifunza kusema ukweli.

"Naweza kusahau," alisema. "Ndiyo maana nasema kwa sauti. Na wewe ukisikia, unikumbushe."

"Haya," alisema Anjelista.

Akavuka kizingiti, akaja kukaa kwenye kigoda kando ya mama yake.