Fungu la Bibi

Namkunda alikuwa na miaka sita. Alikaa Usangi, juu milimani, na mama yake.

Mwaka ule mvua iligoma. Bwawa lilikauka, likabaki tope tu.

Nyumba ya pili aliishi Babu. Alikuwa peke yake sasa, kwa sababu Bibi alikuwa amefariki. Wiki mbili zilikuwa zimepita.

Babu hakutaka kula. Mama alimpelekea uji.
"Sina njaa," alisema Babu.

Mama Kiondo wa jirani alimpelekea makande ya moto.
"Sina njaa," alisema Babu.

Babu alikonda. Suruali yake aliifunga kwa kamba. Namkunda aliogopa. Aliogopa kwamba Babu naye atakufa.

Jumamosi ikafika. Kila Jumamosi kina mama walivuna pamoja kwenye shamba la kikundi. Kisha waligawana mafungu.

Mafungu yalipangwa chini, juu ya majani ya mgomba. Zamani yalikuwa matano. Leo, mara ya kwanza tangu msiba wa Bibi, yalikuwa manne. Tena madogo, madogo mno. Magimbi matatu na konzi moja ya majani ya maboga. Basi.

Namkunda aliyapa mafungu mgongo. Kazi yake ilikuwa kutaja mwenye fungu bila kuliona. Asiyeona hapendelei.

Mama Kiondo aligusa fungu la kwanza.
"Hili la nani?"
"La Bi Namsifu!"
Bi Namsifu akachukua.

"Hili la nani?"
"La Mama Elifuraha!"
Mama Elifuraha akachukua.

"Hili la nani?"
"Lako, Mama Kiondo!"
Mama Kiondo akachukua.

Likabaki moja. "Na hili la nani?"
"La Bibi!"

Namkunda aliziba mdomo kwa mikono miwili. Ulimi wake ulikuwa umezoea. Machozi yakamtoka, tiriri, tiriri.

"Mtoto amekosea," alisema Mama Elifuraha. "Na mama yake atakula nini? Turudie."

"Msirudie," alisema Mama. "Fungu likishaitwa, halirudi. Tangu lini tukarudia?"

Mama alifunga lile fungu kwenye kanga. Akamshika Namkunda mkono.
"Twende tukalipeleke."

Babu alikuwa amekaa mlangoni.
"Shikamoo, Babu."
"Marahaba, mjukuu wangu."
"Tumeleta fungu la Bibi."

Babu aliliangalia. Akageuza uso.
"Rudini nalo. Sina njaa."

"Mimi ninayo," alisema Namkunda.

Babu akageuka.

"Nina njaa, Babu. Nimekosea kutaja. Mama hana fungu. Kwetu hakuna kitu."

Babu alimtazama Mama. Mama alikaa kwenye kigoda, mikono mapajani. Hakugusa sufuria. Hakugusa hata kuni.

Babu akainuka, taratibu. Magoti yakalia, ko! ko! Mtu hawezi kuacha wageni wakae na njaa nyumbani kwake. Hata awe na huzuni namna gani.

Aliingia jikoni kwa Bibi. Akasimama katikati.
"Chumvi iko wapi?"
Maskini Babu! Miaka yote ile, hakuijua chumvi ya nyumba yake.

"Kwenye kopo la majani ya chai," alisema Mama.

Babu alimenya magimbi. Alimenya vibaya, nusu gimbi likaenda na maganda. Namkunda alichambua majani ya maboga, akatoa nyuzi. Babu akapuliza moto. Fuuu! Fuuu! Moshi ukawaliza wote wawili.

Sufuria ikaanza. Togo togo togo.
"Tayari," alisema Babu.
"Bado, Babu! Yakiwa mabichi yanawasha koo."
"Nani kakwambia?"
"Bibi."

Babu akaongeza kuni.

Togo togo togo. Wakasubiri sana. Mpaka chini yakaungua kidogo.

Babu alipakua sahani mbili.
"Na yako?" aliuliza Namkunda.
"Nyie kuleni."

Namkunda aliweka mikono mgongoni. Njaa ilimuuma, lakini hakula.
"Mwenye nyumba hali, mimi nitakulaje?"

Babu alishusha pumzi ndefu. Akakaa. Akachukua kipande kimoja, kidogo. Akatafuna. Akatafuna tena.

Machozi yalimdondoka ndani ya sahani. Akala nayo. Mama naye alilia, huku anakula. Hakuna aliyemwambia mwenzake anyamaze.

Kisha Babu akachukua kipande kikubwa. Na kingine.

Jua lilizama nyuma ya mlima. Kina mama walikuwa wakiitana kwa mbali, wakifungia kuku.

Namkunda alijilaza mapajani kwa Babu. Akaweka sikio kwenye tumbo lake. Gruu. Gruu. Gruu.

"Mama," alisema Namkunda kwa usingizi, "tumbo la Babu linafanya kazi."