Nyumba Iliyokuwa Tupu Kwenye Simu Tu

Jumamosi asubuhi Dorine alikuwa amechutama uani, akisugua sufuria kwa majivu, lango lilipogongwa. Hakunyanyuka. Lilikuwa limeshagongwa mara mbili tangu aamke, na mara zote mbili walikuwa watu wanaotafuta nyumba ya kupanga.

"Watu gani hawa!" alifoka. "Hawana macho?"

Na kweli, alikuwa na haki ya kuuliza. Goma nzima watu huandika ukutani kwa rangi kwamba kiwanja hiki hakiuzwi, ili matapeli wasikiuze mwenyewe akiwa safarini. Papa yake, Bashige, karani mwenye mwandiko wa kuonewa wivu, alikuwa ameandika la kwake kwa rangi nyekundu kwenye lango lao la Katindo: NYUMBA HII HAIPANGISHWI. TUNAKAA SISI. Na bado watu walikuja! Walisoma lango, wakatazama simu, wakatazama lango tena, kisha wakaamini simu. Mmoja alithubutu hata kumwambia mama yake Dorine kwamba labda yeye ndiye aliyekosea nyumba. Yeye, Mwavita, aliyekaa humo miaka sita!

Lango likagongwa tena. Safari hii Mwavita mwenyewe alitoka jikoni, mwiko mkononi, akalifungua kwa nguvu.

Nje alisimama mama mmoja mwenye mtoto mgongoni. Nyuma yake mwanamume alikuwa ameshikilia chukudu, lile gari la mbao la magurudumu mawili. Juu yake kulikuwa na godoro, masufuria, mifuko ya nguo na meza iliyopinduliwa miguu juu, vyote vimekazwa kwa kamba za mpira. Huyu hakuja kutazama nyumba. Alikuja kuhamia.

"Habari, mama. Ninaitwa Mukamazimpaka, natoka Majengo," alisema. "Niliambiwa nyumba iko tupu na funguo iko hapa."

"Nani alikuambia?"

"Ruffin, yule komisioneri wa Birere anayetafutia watu nyumba. Angalia mwenyewe."

Alitoa simu. Dorine alichungulia nyuma ya bega la mama yake. Nyumba yao ilikuwa pale, na chini yake maneno: "Nyumba tupu Katindo. Vyumba vitatu. Maji ndani. Umeme usiku na mchana."

Umeme usiku na mchana! Wiki ile ulikuwa umewaka mara mbili, na bomba la ndani halikuwa limetoa hata tone tangu Noeli ya mwaka juzi. Mwavita aliyasoma maneno yale kwa sauti, akacheka kwa hasira. "Maji ndani? Labda wanahesabu bidoni za maji ninazobeba kichwani!"

Mukamazimpaka hakucheka. "Mama, nimerudisha funguo ya chumba changu leo asubuhi. Mwenye chumba, Muzee Hitimana, ameshaipokea. Sasa nitalala wapi na mutoto?"

Dorine aliijua picha ile. Alijua hata mahali aliposimama akiipiga, juu ya rundo la mawe meusi ng'ambo ya barabara. Mwaka jana papa yake aliambiwa kazini kwamba atahamishiwa Bukavu, na mwenye nyumba wanayopanga akamwomba Dorine, fundi wa simu katika familia, aweke tangazo kwenye kundi la mtandaoni la nyumba za kupanga. Baadaye uhamisho ulifutwa. Tangazo halikufutwa. Watu mia tatu walikuwa wamelipenda, na Dorine aliona uchungu kuzipoteza zile alama za mioyo.

Angesema wakati ule ule, mambo yangekuwa mepesi. Lakini alipaza sauti kuliko mama yake. "Hawa makomisioneri ni waongo wakubwa! Mama, twende tukamwone huyo Ruffin!"

"Twende," Mwavita alisema, akaweka mwiko chini.

Wakaenda wote, chukudu nyuma yao, wakamkuta Ruffin amekaa chini ya mwavuli, katikati ya wauza vocha wa Birere, simu tatu mezani. Mwavita hakumsalimia, na anayemjua Mwavita anaelewa maana yake.

"Wewe! Unapangisha nyumba yangu nikiwa ndani nasonga bugali?"

"Mama, tulia kidogo," Ruffin alisema. "Nina nyumba zaidi ya mia humu. Nitazitembelea zote? Sisi makomisioneri tunachukuliana picha tu."

"Na uliniambia nisipohamia leo wengine wataichukua!" Mukamazimpaka alisema.

"Hivyo ndivyo tunavyomwambia kila mutu."

"Nyumba ikishapata mutu, kwa nini hamuiondoi?" Mwavita aliuliza.

"Nikiiondoa, simu haitalia. Mutu akinipigia kwa nyumba iliyochukuliwa, ninampeleka kwenye nyingine. Ndiyo kazi, mama."

Alisema hivyo bila haya, kama anaeleza jinsi ya kupika chai. Mukamazimpaka alimkazia macho. "Kwa hiyo mimi na godoro langu barabarani, hiyo ndiyo kazi yako?"

Ruffin alikwepa macho yake. "Lakini ule uongo wa maji si wangu," alijitetea. "Mimi nilinakili tu. Mutafuteni aliyeandika wa kwanza."

"Tutamtafuta!" Mwavita alinguruma. "Na nikimpata, atanieleza! Mutu mzima, na akili zake, anawadanganya wenzake wasio na pa kulala!"

Mtoto aliyekuwa mgongoni alianza kulia, na mama yake akawa anamtikisa huku akiangalia mzigo wake kwenye chukudu.

"Mama," Dorine alisema kwa sauti ndogo, "si mutu mzima. Ni mimi."

Akaeleza yote, machozi yakimtoka. Mwavita alimshika bega. "Na maji ndani uliyatoa wapi?"

"Niliona nyumba zingine zote zimeandikwa hivyo."

Ruffin akaanza kutabasamu. Mwavita alimgeukia. "Usicheke! Huyu mutoto aliandika uongo mara moja, na mimi nitamwadhibu. Wewe umeuuza mwaka mzima! Futa hapa, mbele ya macho yangu!"

Ruffin akafuta. Dorine naye alichukua simu ya mama yake, akafuta tangazo la zamani pamoja na mioyo yake mia tatu, akaandika jipya: "Nyumba ile ya Katindo ina watu tangu zamani. Haina maji. Mimi ndiye niliyekosea. Tafadhali muiondoe." Wengine waliiondoa siku ile. Wengine hawakujali kabisa, na kukasirika kwa Mwavita hakukuwafikia huko walipo.

Kisha wote wakaelekea Majengo nyuma ya chukudu. Walimkuta Muzee Hitimana mlangoni, viatu mguuni, funguo mkononi, anatoka kwenda kutafuta mpangaji mwingine.

"Umerudi?" alimuuliza Mukamazimpaka kwa ukali. "Asubuhi si ulinicheka mimi na bomba langu la barabarani? Ukaniambia umepata maji ndani!"

Mwavita alimsukuma Dorine mbele. Hakuna kitu kigumu kama kukiri mara ya pili mbele ya mzee asiyekujua, lakini Dorine alikiri, neno kwa neno, hakuacha hata lile la mioyo. Hitimana alimtazama, akamtazama mtoto mgongoni, akaguna, akatoa funguo.

Dorine alibeba godoro, akabeba meza, akarudi kubeba mifuko. Walipomaliza, Mwavita alimwita.

"Kila unachoweka mtandaoni ni chako mpaka ukiondoe," alisema. "Na hakuna anayepaswa kurudisha funguo yake kabla hajafika mwenyewe kuiona nyumba, akafungua bomba, akauliza majirani. Umesikia?"

"Nimesikia, mama."

Mukamazimpaka alikuwa ameketi juu ya godoro, ananyonyesha. Hasira ilikuwa bado haijamtoka, na hakuificha.

"Nimekusamehe, mutoto wangu," alisema. "Lakini ukumbuke hivi. Wewe uliyaandika maneno yale ukiwa umekaa. Mimi niliyafuata kwa miguu, na mutoto mgongoni."

Dorine alichukua bidoni tupu ya Mukamazimpaka, akatoka, akaenda kupanga foleni kwenye bomba la barabarani.