Kiti cha Nyuma

Jumamosi asubuhi duka la pikipiki lilikuwa limejaa hadi mlangoni, na katikati ya umati ule mzee mmoja alikuwa amekwama. Alikuwa juu ya pikipiki nyekundu ya mbio, kifua kimelalia tangi, magoti yamekunjwa hadi karibu na mbavu, na mguu wa kulia umegoma kabisa kurudi upande wa pili. Muuzaji, bwana mmoja mwenye tai nyembamba na maneno mengi, hakuwa na habari. Aliendelea kusifia kasi.

Mwanamke aliyekuwa akipita na viti viwili vipya vya pikipiki kwapani alisimama. Alivaa suruali ya kazi ya buluu, kilemba cha njano kilichofungwa harakaharaka, na miwani yake ilining'inia kifuani kwa uzi mweusi.

"Shikamoo, mzee wangu. Unanunua au umenasa?"

"Marahaba. Nafikiria."

"Basi fikiria huku umeegemea kushoto. Huo mguu utatoka wenyewe."

Mzee aliegemea, na mguu ukatoka. Alishuka, akajipangusa shati lake jeupe lililopigwa pasi vizuri, akamtazama mwanamke yule kwa mshangao wa mtu aliyefunguliwa mlango asioujua.

"Na hiyo shikamoo," alisema, "kwani umenipa miaka mingapi?"

"Goti lako ndilo lililoniambia, si mimi."

Mzee huyu watu walimwita Mpima, kwa kuwa miaka thelathini na mitano alipima mashamba na mipaka, akizunguka nchi nzima kwa pikipiki. Alikuwa na miaka sitini na minne, aliyefiwa na mkewe miaka sita iliyopita, na amestaafu. Sasa alitaka pikipiki moja ya mwisho, imrudishe kwenye milima na mabonde yote aliyoyapima bila kupata nafasi ya kuyatazama. Binti yake alisema ni wazimu. Lakini kuendesha anajua, jamani, kuliko wengi wenye magoti mazuri. Alichokuwa hajajua ni kuchagua kwa mwili alionao leo badala ya ule wa zamani.

Mwanamke aliitwa Sindano, kwa kazi yake ya kushona viti vya pikipiki na kwa ulimi wake pia. Alikuwa na miaka hamsini na saba. Mumewe aliondoka zamani kwenda kwa mwingine, na tangu hapo hakumruhusu mwanamume yeyote kumzoea zaidi ya salamu. Siku hiyo aliweka viti vyake chini na kumshika Mpima kiwiko.

"Njoo nikuoneshe. Usiiangalie rangi. Kaa dakika kumi kwenye kila moja, halafu tuuulize mgongo wako."

Ya kwanza ilikuwa ndefu, vidole vya miguu tu ndivyo vilivyogusa sakafu. "Ukisimama kwenye mteremko umekwisha," alisema Sindano. Ya pili ilikuwa nzito kama kabati. "Ikikuangukia barabarani, nani atakuinulia? Binti yako?" Ya tatu ilikuwa ya kijivu, haina makeke. Nyayo zilifika chini zote mbili. Usukani ulimjia mikononi bila yeye kuinama, magoti yalipata nafasi, kioo cha mbele kilikuwa kirefu cha kutosha kumkinga na upepo, na haikuwa na mnyororo wa kupaka oili kila siku ya safari.

Dakika kumi zikapita, kisha ishirini. Mpima aliushika usukani, macho yakawa mbali, na Sindano akaona mzee mzima akiwa na uso wa furaha tupu.

"Hii," Mpima alinong'ona.

"Hiyo. Ila kiti chake ni ubao mtupu. Hicho niachie mimi."

Simu ya Mpima ikalia. Sauti ya binti yake ilisikika hata kwa waliosimama karibu. "Baba! Usiniambie uko dukani!"

"Niko dukani, mama."

"Baba, nani atakuwa nawe njiani?"

Mpima alimtupia jicho Sindano, ambaye alikuwa akikipima kiti kwa shibiri. "Tutaona," alisema, akakata.

Mpima aliinunua ile ya kijivu, akaipeleka kwa fundi. Karakana ya Sindano ilikuwa chumba kimoja chenye cherehani mbili, meza ya kukatia, na marobota ya sponji hadi darini. Chini palikuwa na beseni pana la mchanga mbichi uliosawazishwa.

"Kaa hapo," alimwambia Mpima.

"Kwenye mchanga? Na suruali hii?"

"Weka nailoni. Kaa kama unaendesha, usiniogope."

Alikaa, akainuka. Mchangani yalibaki mashimo mawili. Sindano alivaa miwani, akapiga magoti na kupitisha vidole polepole kwenye kingo zake.

"Unaegemea kulia," alisema. "Nyonga ya kushoto uliwahi kuumia, tena vibaya. Na hukumwambia mtu."

Miaka ishirini nyuma Mpima alianguka na pikipiki kwenye kijito kikavu, akachechemea mwezi mzima na kumwambia mkewe kuwa ni baridi. Amepima nchi nzima, lakini yeye mwenyewe hakuwahi kupimwa namna ile. Alisimama pale akimwangalia mwanamke aliyesoma maisha yake mchangani, na moyo, nisiwafiche, ukamwenda mbio kabisa.

Kuanzia siku hiyo simu hazikukatika. Kila jioni, Sindano akifunga karakana, simu inaita.

"Fundi, hujambo? Umekula?"

"Sijambo. Umepiga kuuliza kiti au kuuliza fundi?"

"Kiti hakijui kucheka."

"Ah, mzee huyu! Kata simu, nina kazi." Naye hakati. Mwezi haujaisha, Sindano alikuwa amenunua kilemba kipya cha zambarau, akajidanganya kuwa cha zamani kimechujuka.

Kosa lilianzia kwenye karatasi. Kiti cha mbele kilipokuwa tayari, Mpima alikuja na karatasi ya vipimo, mistari imenyooka kama ramani: upana sentimita arobaini na moja, urefu wa paja, uzito kilo sabini na mbili.

"Nataka na cha nyuma," alisema, akitazama viatu vyake. "Kwa vipimo hivi. Safari ni ya kilomita elfu tatu, asichoke."

Sindano aliisoma mara mbili. "Huyu ni nani?"

"Ni mtu... ni mwanamke ninayemheshimu sana."

"Mlete akae kwenye mchanga."

"Bado sijathubutu kumwambia."

Masikini Mpima! Mtu wa namba, maneno hayampi ushirikiano. Alikuwa amekichora kigoda cha kazi cha Sindano kwenye gazeti siku fundi alipotoka kununua uzi, akakisia yaliyobaki kwa jicho la kazi yake. Alitaka kiti kiwe ndicho kitakachomsemea. Alijiambia, fundi anayesoma mchanga atashindwaje kujitambua kwenye karatasi? Lakini Sindano hakuwahi kujipima hata siku moja. Alichokiona ni mwanamke mwingine, mwembamba wa kiuno labda, anayengojewa na pikipiki aliyoichagua yeye Sindano.

"Sawa," alisema. "Njoo Ijumaa."

Simu za jioni Sindano hakuzipokea. Alikaa na cherehani akiwa na hasira iliyomtoa machozi, na hapo akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu ajue kushika uzi. Kiti cha safari hutaka sponji imara, inayobeba mifupa bila kuzama. Yeye alijaza sponji ya godoro. Ukikibonyeza dukani utasema pamba. Baada ya saa moja barabarani sponji inalala, na aliyekaa juu yake anakuwa amekaa kwenye ubao. Alikivisha ngozi nyeusi safi, mishono midogomidogo ya kupendeza, akakifunga nyuma ya kiti cha Mpima, kwenye pikipiki iliyoachwa karakanani.

Ijumaa asubuhi Mpima alikuja na koti la ngozi na helmeti mbili. Alikibonyeza kiti, akatikisa kichwa kwa mshangao. "Laini ajabu! Fundi, mikono gani hii uliyo nayo?"

Sindano aligeuka kando. "Mchukue mtu wako mwende."

"Ndiyo nimekuja kumchukua." Alimpa helmeti moja. "Vipimo ni vyako. Nilipima kigoda chako. Twende angalau hadi juu ya mlima, halafu utaniambia kama safari nzima unaiweza. Ukikataa nitaelewa, nitakwenda peke yangu."

Sindano angesema ukweli pale pale, lakini aliona aibu. Alichukua helmeti, akapanda.

Wakauacha mji. Yule mzee aliyenasa dukani hakuwepo tena. Kwenye kona aliinama taratibu, breki hazikusikika, mashine ya kijivu ilimtii bila kelele, na Sindano, aliyeshona viti maisha yake yote, alijua kwa mara ya kwanza huwa vinakwenda wapi. Upepo ulinuka majani mabichi. Alimkumbatia Mpima kiunoni, akasahau kila kitu kwa muda wa saa nzima.

Kisha, walipovuka daraja, sponji ikalala. Kila jiwe la barabara lilimpanda uti wa mgongo. Alihama kulia, akahama kushoto, akauma meno. Robo tatu ya saa ya mwisho aliimaliza kwa macho yaliyojaa machozi na bila kulalamika.

Juu ya mlima Mpima alizima injini. Chini yao bonde zima lilifunguka: mto, mashamba, vijiji vidogo, na vivuli vya mawingu vikipita juu ya vyote kwa utulivu.

"Mpaka ule wa miti niliuweka mimi," alisema Mpima kwa sauti ndogo. "Nimeliangalia bonde hili miaka mingi kwa tundu la darubini. Sikujua kama ni kubwa hivi."

Sindano alianza kulia. "Mpima, usinioneshe vitu vizuri. Kiti chako nimekiharibu."

"Kimeharibika?"

"Nimekiharibu. Kwa makusudi. Nilijua ni cha mwanamke mwingine, nikaweka sponji ya godoro ili aumie. Nimekaa kwenye ubao tangu darajani. Na mimi si kilo sabini na mbili! Ni sitini na nane!"

Mpima hakucheka. Alitembea hadi ukingoni, akampa mgongo, na Sindano akajua amempoteza. Mwanamume aliyeheshimu vipimo maisha yake yote atamwaminije fundi aliyeharibu kazi? Alifungua kamba ya helmeti, tayari kushuka mlima kwa miguu.

Mpima aligeuka. Macho yake yalikuwa yamelowa.

"Ulinionea wivu?" aliuliza. "Mimi?"

"Ndiyo."

"Nina miaka sitini na minne," alisema polepole, kama mtu anayeangalia bonde la pili kubwa kuliko la kwanza. "Goti bovu, nyonga mbovu. Na kuna mtu amekosa usingizi na kuharibu kazi yake kwa ajili yangu. Sikujua kama hilo bado linaweza kunitokea."

"Umekasirika?"

"Nimekasirika. Ungeniuliza, ningekwambia."

"Ungeniambia, nisingeuliza!"

Hapo kicheko kikawashinda wote wawili, wakacheka hadi wakashikana mikono ili wasianguke.

"Safari nitaiahirisha," alisema Mpima. "Hadi ushone kingine."

"Nitashona. Ila sikia, sishoni tena kiti cha abiria." Sindano alijifuta uso kwa kiganja. "Nikishona, nashona cha mke."

Mpima alifungua vifungo vya koti, akavifunga, akapapasa mifuko yote minne akitafuta ufunguo uliokuwa mkononi mwake. "Basi anza kesho," alisema.

Alilivua koti lake, akalikunja mara nne na kuliweka juu ya sponji ya godoro. Waliteremka mlima polepole, na kila penye jiwe Sindano alisimama kwenye vikanyagio akimshika mabega.