Mlango Uliogoma Siku ya Harusi

"Imogen, fungua mlango! Watu wanatusubiri!"

"Nafungua! Haufunguki!"

Imogen alikuwa chumbani ghorofani, gauni jeupe mwilini, kiatu kimoja mguuni, kingine anagongea mlango. Nje alisimama Barnaby, bwana harusi, jasho likimtiririka ndani ya suti.

"Nilipoingia ulifunguka vizuri. Barnaby, umefanya nini?"

Barnaby akajikuna kichwa.

"Barnaby!"

"Nilitaka kukushangaza, mpenzi. Ulipokuwa unajiremba nimeweka jeki chini ya boriti ya sebuleni, nikaiinua. Sakafu imenyooka! Kitanda hakitateleza tena mpaka dirishani."

Kumbe ndiyo maana nyumba ilitikisika alipokuwa akijiremba! Imogen alidhani ni moyo wake.

Nyumba ile ya mbao za mwaloni ilikuwa imepinda tangu enzi za mababu, na kila mlango ulichongwa mshazari ili uendane nayo. Ukiinyoosha, milango inabanwa.

"Umeinyoosha nyumba ya bibi yangu?"

Simu ya Imogen ikalia. Ujumbe wa Bibi Hester, mwenye nyumba, kutoka kanisani: "Mko wapi? Kasisi ana harusi nyingine baada yenu. Mpiga kinanda karudia wimbo mpaka watu wanasinzia."

"Sogea, navunja!" alisema Barnaby.

"Ukiuvunja mlango huu, hakuna harusi!"

"Basi nilete ngazi, ushukie dirishani."

"Na gauni hili? Baa nzima ng'ambo ya barabara inichungulie?"

"Sasa unataka nini?"

"Nataka kujua naolewa na nani. Leo umenyoosha nyumba, kesho utaninyoosha mimi. Pua yangu imepinda, umeiona?"

"Naipenda hiyo pua."

"Nyumba je? Imekukosea nini?"

Barnaby aliegemea mlango. "Kila nikija najigonga kichwa mlangoni. Nikadhani hainitaki."

Imogen hakujua acheke au alie.

"Nenda kateremshe jeki. Polepole, mjinga wangu."

Chini chuma kikalia. Boriti ikaguna, sakafu ikainama, kitanda kikateleza hadi dirishani, na mlango ukafunguka wenyewe.

Barnaby akapanda mbio, mikono wazi, akasahau kuinama.

Pa!

Kanisani, Bibi Hester aliitazama ile nundu kwenye paji la uso la Barnaby.

"Imogen! Umempiga mwanaume hata kiapo bado?"

"Si mimi, Bibi. Ni mlango wa chumbani."

Bibi akatabasamu.

"Hata babu yako mlango huo ulimgonga siku ya harusi yetu. Kasisi, wafungishe ndoa, huyu ni wa kwetu."