Wimbo Uliopunguzwa Mwendo

Soko la mitumba la Tampere lilifurika watu Jumamosi ile ya Novemba, theluji ya majimaji ikitapakaa sakafuni. Marjut, ndani ya koti la sufu la kijivu, alikuwa akichagua vikombe alipouona mgongo ambao hakuwahi kuusahau: jaketi jeusi la ngozi, pini kibao. Ilpo! Miaka thelathini imepita, na bado moyo ukamwenda mbio. Alijichukia kwa hilo.

"Mzee mzima na pini!" alimchokoza.

Ilpo hakugeuka. Marjut akanuna. Kiburi kile kile kilichomfanya Marjut amwache: mwanamume wa kupiga makelele ya muziki wa punk jukwaani kila wiki, na nyumbani hana hata neno moja la mapenzi. Akamgusa bega, basi tu, amalize hasira.

"Marjut! Mpenzi, njoo mazoezini saa kumi. Bendi imebadilika."

"Mmeongeza kelele?"

"Tunapiga taratibu siku hizi. Mashabiki wa zamani wanasema tumegeuka uji."

"Mpenzi wako nani? Nitakuja nikucheke."

Walifanyia mazoezi kwenye handaki la kujikinga na mabomu chini ya jengo la ghorofa, baridi na harufu ya ukungu. Kauko, mpiga ngoma mwenye kipara, alimmiminia kahawa. Kisha Ilpo akaanza wimbo wa kwanza wa bendi, ule wa dakika moja uliokuwa ukimuumiza Marjut kichwa. Sasa ulikwenda polepole, gitaa likibembeleza, na kwa mara ya kwanza aliyasikia maneno. Ngazi za nyumba ya mama yake Marjut. Glavu zake nyekundu. Mtu anaomba asiachwe.

"Kauko, maneno haya kayatunga lini?"

"Ni yale yale, dada. Hatujagusa hata moja."

"Sasa mbona mmepunguza mwendo?"

"Masikio yake. La kulia limekufa. La kushoto daktari kasema litadumu mpaka kiangazi tu. Ilpo akasema, kabla halijazimika, angalau mtu mmoja auelewe wimbo huu."

Marjut alilia bila kujificha. Miaka yote ile alikuwa akiambiwa, mbele ya watu, na hakujua. Akamwendea Ilpo.

"Nami nakupenda, mjinga wee," alisema kwa sauti ndogo, ile ambayo watu wa kwao huitumia kwa mambo makubwa.

"Eeh?"

Marjut hakuwa mtu wa kupaza sauti. Akavuta pumzi, akalipigia ukelele neno lile mpaka matoazi ya Kauko yakavuma.

Ilpo akamgeuzia sikio la kushoto.

"Rudia," alimsihi. "Nataka niikumbuke sauti yako."